Vidole vya Orval

Kijiwe chetu ni benchi la mbao mbele ya duka la donati, hapa hapa Ohio, mkabala na ofisi ya shule za wilaya. Tangu kiwanda cha vigae kifungwe, benchi hili halipoi. Yupo Jaji, aliyechezesha besiboli ya watoto miaka ishirini na mpaka leo hakubali kukosolewa. Yupo Verna, tunamwita Posta, kastaafu kupeleka barua na anayajua ya kila nyumba. Mimi nipo kwa sababu ya mdomo wangu. Na yupo Orval, tuliyembatiza Mwalimu kabla hajaingia darasani. Miaka thelathini kasugua vigae. Sasa kaomba kuwa mwalimu wa kushikilia, yule anayeitwa mwenye darasa akiugua. Wanamhitaji kweli, walimu hakuna. Ila kwanza lazima wampime alama za vidole, wajue kama si mhalifu, na mashine imezikataa mara mbili. Leo saa nne anajaribu mara ya tatu na ya mwisho. Ikigoma, fomu yake inafungwa mpaka mwakani.

— Hebu lete mkono, Posta akasema. Mh! Baba wee, hiki kidole au kijiko?

— Vigae vimekula alama zote, Orval akajibu. Yule binti wa mashine kaniuliza, "Mzee, una uhakika hivi ni vya kwako?"

— Umepaka yale mafuta ya kulainisha viwele vya ng'ombe? Jaji akauliza.

— Wiki nzima. Nalala na glavu. Hata paka wangu hanisogelei.

— Shida yako kuosha vyombo, Posta akasema. Acha kuosha vyombo.

— Naishi peke yangu, Verna. Nani ataosha?

— Kula kwenye sahani za karatasi, utupe!

Nikaona wanapotea, nikaingilia:

— Mnahangaika na mikono ya nini? Vidole vya miguu havijasugua hata kigae kimoja. Vua soksi, weka mguu mezani, waulize sheria gani inakataza.

— Wewe nawe! Jaji akaniwakia. Hamuoni jambo lililo wazi? Mtu hafutiki alama hivi hivi. Amefutwa! Orval ni shushushu. Miaka yote hii tunakunywa kahawa na shushushu!

— Shushushu wa nini, wa vigae?

— Ndiyo siri yenyewe hiyo!

Tulicheka mpaka Posta akamwaga kahawa. Orval hakucheka.

— Chekeni tu, akasema. Mimi naamka saa kumi na moja kama zamani, navaa viatu, halafu nakaa. Nakaa tu, jamani. Nataka mahali pa kwenda asubuhi.

Simu yake ikalia. Akaiweka sauti kubwa, tukaisikia sauti ya kompyuta inayotafuta walimu wa kushikilia: "Habari za asubuhi. Kuna nafasi leo, darasa la tano. Kukubali, bonyeza moja." Orval akabonyeza moja. "Samahani. Hujathibitishwa. Kwaheri."

— Angalau kidole kinabonyeza, Jaji akasema.

— Ya ngapi hiyo leo? nikauliza.

— Ya nne. Inanipigia tangu saa kumi na moja na nusu. Kwenye orodha ya kuita, jina langu lipo. Kwenye orodha ya walioruhusiwa, halipo.

— Na wewe kila mara unabonyeza moja?

— Nibonyeze ngapi, sasa?

Hapo akafika Loretta, dereva wa basi la shule, ametoka kushusha watoto na anataka kahawa yake. Alikuwa ameisikia simu.

— Darasa la tano? Si ndilo analofundisha Bi Haskell? Nimewashusha sasa hivi, Jaji, na mjukuu wako yumo.

— Yumo, Jaji akasema.

Loretta akatutazama mmoja mmoja, watu wazima wanne na vikombe mkononi, saa mbili na nusu ya asubuhi.

— Sasa saa hizi wako na nani?

Posta akaanza kuifuta kahawa aliyoimwaga. Jaji akanywa kikombe ambacho hakikuwa na kitu. Mimi, mwenye mdomo, nikaujaza donati. Orval akajifuta vidole kwenye suruali, akavuka barabara kwenda ofisini saa moja unusu kabla ya wakati wake, na simu ikaanza kumlilia tena mfukoni.