Waya Uliofunga Benchi

Mnanichosha na hadithi hii. Magoti yananiuma, chai imepoa, na bado mnataka Injinia aaibike mara ya pili. Haya, kaeni. Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya kinyozi, mguu wake mmoja umefungwa waya. Injinia ni fundi cherehani. Jina alilipata kwa kufufua tochi moja tu maishani. Siku mbili kabla ya kisa hiki alikuwa amebadilisha waya wa umeme wa mashine ya kukaushia nguo ya mama mkwe wake, ghorofa ya tatu. Asubuhi ya kisa chenyewe mashine ikamrusha mkewe, mkono ukafa ganzi hadi begani. Mama mkwe hakusadiki. Alisema saa nne anaiwasha mwenyewe, iwe isiwe.

— Aligusa wapi? Kinyozi akamuuliza Injinia pale benchini.

— Mlango tu.

— Kwa mkono gani?

— Wa kulia.

— Ndiyo hapo! Umeme hupita kulia. Angetumia kushoto.

Muuza kahawa akacheka hadi birika likatikisika.

— Hamjui kitu. Ni soksi hizo! Soksi za nailoni zikisuguana zinazaa umeme. Nyumba yenye wanaume wanne haihitaji hata mita.

— Soksi nini! akafoka Bwana Redio, mstaafu asiyezima redio yake hata akisinzia. — Umeme ulizoea waya wa zamani miaka kumi na miwili. Huu mpya bado haujazijua njia zake. Upe wiki.

Injinia akaipenda hiyo wiki. Alipenda maelezo yoyote ambayo mkono wake haukuwemo.

— Au ni mama mkwe mwenyewe, akasema Kinyozi. — Mimi akinitazama tu, nywele zinasimama.

— Wewe una nywele? akauliza Muuza kahawa.

Wakati wanacheka, mwanamke mmoja mwenye begi la vifaa akaomba kahawa. Hawakumjua. Akanywa funda moja, akamgeukia Injinia; alikuwa amesikia yote.

— Samahani, wazee wangu. Ule waya wa kijani na njano, uliufunga wapi?

— Wa ardhi? Injinia akajinyoosha kisomi. — Niliukata, dada. Ghorofa ya tatu ile. Ardhi iko huku chini.

Mwanamke hakucheka. Macho yake yalishuka hadi kwenye mguu wa benchi. Ya wengine yakafuata. Kijani na njano, umezungushwa mara sita, na fundo zuri la mshona nguo.

— Sasa umeme ukivuja mle, mtu akigusa, utapita wapi?

Kwa mara ya kwanza, redio ilizimwa.

— Saa ngapi? akauliza Injinia.

— Nne kasoro tano.

Aliondoka mbio, ndala moja ikabaki. Alimkuta mama mkwe amekunja mikono ya gauni, vidole vinachuruzika maji, anauelekea mlango wa mashine.

— Mama, usiguse! Nimekosea mimi!

Miaka kumi na moja ya ndoa, neno hilo halikuwahi kusikika nyumba ile.

Yule mwanamke mwenye begi alimfuata, akachomoa plagi, akafungua nyuma. Waya mpya ulikuwa umechubuliwa na ukingo wa bati, kwa kuwa Injinia hakurudisha kibano cha kuushikilia. Mwanamke akaahidi kuja kesho na waya mzima.

— Na leo? mama mkwe akamgeukia mkwewe.

Leo Injinia alikamua shuka kumi na nne kwa mikono, akazishusha ngazi zote, akazitundika kwenye kamba mbele ya kijiwe. Na kwa kila shuka ilimpasa aseme, kwa sauti ya kumfikia mama mkwe dirishani: “Waya wa ardhi haukatwi.”

Kwenye ile ya tisa alinong'ona. Akaambiwa aanze upya.