Nani Hakuulizwa?

Mheshimiwa Bwana D.O., Chifu wetu, Mzee Makokha mwenyekiti wa soko, wachungaji na makatekista, wageni wetu mliovuka geti asubuhi hii kutoka upande wa pili wa mpaka, wazee wangu, mama zangu, na ninyi watu wa baiskeli mliokataa viti kwa kuogopa baiskeli zenu zitapata mwenyewe mwingine: mulembe. Yoga. Hamjambo tena.

Nimepewa dakika tano. Mzee Makokha ameshanionyesha saa yake na bado sijasema kitu. Mzee, tulia. Nimeuza samaki katika soko hili tangu ukiwa na nywele nyeusi, na hujawahi kunishinda kwa bei. Kwa saa pia hutaniweza.

Kwa wasionijua, mimi ni Jerusha Anyait, mwanafunzi wa darasa la ngumbaru, la sisi watu wazima, la hapa Busia, katika kile chumba cha nyuma ya soko. Tumekusanyika leo, mwaka huu wa 1978, kumuaga mwalimu wetu, Mwalimu Beldina Nafula, ambaye anastaafu. Tumesikia mengi mazuri juu yake, na yote ni kweli. Tumesikia pia kutoka kwa Bwana D.O. kwamba lori limeshapatikana la kumpeleka nyumbani kwao Sigalame kesho, kwamba darasa litafungwa kwa kuwa halina mwalimu mwingine, kwamba chumba kitageuzwa stoo ya mbolea, na redio yetu irudi ofisini. Mmepiga makofi. Mimi pia nilipiga, mikono ikatangulia kichwa. Halafu kuna swali likaanza kunisumbua hapa kifuani, na kabla sijaliuliza nataka mjue nililipata wapi.

Mnafikiri mle ndani tulifundishwa nini? Kusoma na kuandika, ndiyo. Mimi leo nasoma jina la basi kabla halijanipita, na aliyezoea kunipandisha basi la Malaba huku akijua naenda Bumala atafute mtu mwingine wa kumchezea. Lakini hilo tulilimaliza mapema. Kilichobaki kilikuwa redio.

Mwalimu aliiweka mezani, tukasikiliza habari za Nairobi, kisha akazungusha kile kifundo tukasikiliza za Kampala. Siku nyingine jambo lilikuwa moja na habari zilikuwa mbili, ungedhani zinahusu dunia mbili. Tukabishana. Wengine tulishikilia Nairobi kwa sababu ni kwetu, wengine Kampala kwa sababu wana wajomba huko. Mwalimu hakusema nani ana haki. Alikuwa anafuta ubao polepole, mgongo wake kwetu, halafu anauliza, “Katika habari hiyo, nani hakuulizwa?”

Mara ya kwanza hatukulielewa swali lenyewe. Ndipo redio ikasema wakulima wa pamba wamefurahia bei mpya. Mwalimu akauliza swali lake. Yule mzee wa Marachi aliyekuwa akikaa karibu na mlango, mwenye ekari zake za pamba, akaruka juu: “Mimi! Mimi sikuulizwa! Nani amewaambia nimefurahi?” Darasa zima tulicheka mpaka wenye maduka wakaja kuangalia. Lakini kuanzia siku hiyo masikio yangu hayakurudi yalivyokuwa. Habari ikipita, naangalia nyuma yake kama kuna mtu ameachwa barabarani.

Tulisikia siku moja habari za ukame katika nchi za mbali huko, karibu na jangwa, ng'ombe wakifa na watu wakihama. Mama mmoja akauliza hao wanawake walipikia nini kabla miti haijaisha. Mwingine akauliza kama miti iliisha kwanza au mvua ndiyo ilianza kukataa. Mwalimu akasema, “Sijui. Hapa kwetu je, kipi kimeanza?” Jamani, kumsikia mwalimu anasema sijui! Tukatoka nje kwenda kuangalia. Tukaenda mpaka kwenye chemichemi yetu ya mpakani, ile inayonywewa na watu wa kwetu na wa upande wa pili, tukakuta ng'ombe wameikanyaga na kingo zimeporomoka. Hivyo ndivyo kazi ya chemichemi ilivyoanza. Tuliizungushia ua, tukapanda miti, tukajenga ukuta mdogo na kutia bomba. Watu walio nchi ambayo hata sijui iko wapi ndio waliotufanya tutengeneze maji yetu. Mimi jambo hilo bado linanishangaza.

Sasa niwapeleke mwaka juzi. Mnakumbuka ulivyokuwa. Redio za pande mbili zilikuwa zinarushiana maneno makali, malori yamepanga foleni, na mtu ukipiga chafya hapa unaulizwa ni chafya ya nchi gani. Asubuhi moja ya siku ya soko, Vitalis, yule pale amesimama na baiskeli yake, anajua nitakuja kwake, alipita chemichemini kunywa maji. Akakuta maji meupe. Akaja kwa Syprose anayeuza chai hapa stendi akamuuliza, “Mama, hii maji ya chemichemi mbona leo iko nyeupe?” Aliuliza tu, kama mtu yeyote angeuliza.

Syprose hakujua. Akamtilia chai dereva wa lori, Bwana Kiprono, akamwambia, “Wanasema maji ya chemichemi imeharibika.” Kiprono akavusha lori lake, akafika upande wa pili, akanunua ndizi kwa mama mmoja wa matoke. Akamwambia, “Huko nimetoka kuna maji imetiwa kitu.” Mama wa matoke alikuwa na mzigo wa kuleta soko letu. Akavuka. Na aliyembeba kwa baiskeli kutoka geti la kule mpaka geti la kwetu ni nani? Ni Vitalis! Yule mama akamshika shati kwa nyuma akamuuliza, “Kijana, ni kweli kwenu watu wanakufa kwa maji ya sumu?”

Vitalis, nisamehe, lakini lazima watu wasikie. Vitalis alifunga breki, akapiga kelele, “Nilijua! Nilijua! Hata upande ule wanajua!”

Mnaona? Ninyi watu wa baiskeli mnabeba abiria na mnabeba maneno, na maneno hayalipi nauli. Swali lake mwenyewe lilikuwa limetembea, likanywa chai, likapanda lori, likavuka mpaka, likarudi limekaa nyuma ya baiskeli yake, na hakulitambua. Alilipokea kama shahidi kutoka nchi nyingine. Hivyo ndivyo sisi watu wa hapa tunavyoumia: kitu kikishavuka geti tunakiamini maradufu.

Soko liliwaka. Wao wametuwekea sumu, ndivyo ilivyosemwa. Watu wakachukua majembe na mawe, twende tuizibe chemichemi, na yeyote wa upande ule atakayekutwa pale atajua hajui. Binti yangu Millicent ameolewa upande ule. Saa kama zile ndizo alizokuwa akija kuchota maji, mtoto mgongoni. Niliacha samaki wangu bila mtu, nikakimbia, kanga ikaanguka sikuirudia. Sikuwa nawaza nchi wala redio. Nilikuwa nawaza kisogo cha mjukuu wangu.

Nilipofika mteremkoni nilimkuta Mwalimu Beldina amesimama katikati ya njia, peke yake, mkoba begani. Umati umesimama mbele yake, na nyuma yake namwona Millicent wangu anapanda kilima kuja kwetu. Hana mtungi. Anakuja mbio, mtoto analia. Mtu mmoja akasema, “Huyo ni wa kule!” Nikapiga yowe ambalo mpaka leo koo langu halijalisahau.

Mwalimu hakuwakemea. Mngewakemea ninyi watu wenye mawe? Alisema kwa sauti ya darasani, “Sijui kama maji yana sumu. Huenda yanayo. Lakini kabla hamjapita, kila mtu akasimame nyuma ya aliyemwambia.”

Ilikuwa amri ya ajabu, na kwa sababu ilikuwa ya ajabu watu waliifuata. Wanafunzi wake ndio tulioanza. Watu wa soko wakaenda nyuma ya Vitalis, mstari mrefu. Vitalis akaenda nyuma ya mama wa matoke. Mama wa matoke akatazama huku na huku, akamwona Kiprono, aliyekuwa amesharudisha lori, akaenda nyuma yake. Kiprono nyuma ya Syprose. Syprose akasimama, akafikiri, akageuka polepole, akaenda akasimama nyuma ya Vitalis. Mstari ukawa duara. Watu wakaangaliana. Hakukuwa na wa mbele.

“Vitalis,” Mwalimu akasema, “wewe ulisikia kwa nani kwanza?”

“Mimi sikusikia, Mwalimu. Mimi niliuliza tu.”

“Uliuliza nini?”

“Mbona maji iko nyeupe.”

“Na nani hakuulizwa?”

Halafu kutoka nyuma kabisa, chini ya jiwe kubwa kuliko mawe yote, jiwe alilolibeba kichwani kwenda kuziba chemichemi, ikatoka sauti ya Mzee Ikapel, fundi wetu wa ukuta: “Nyeupe namna gani?”

Tukageuka. Mzee Ikapel alikuwa na chokaa mpaka magotini. Asubuhi ile alikuwa amepaka chokaa ukuta wa chemichemi ili upendeze, akaosha ndoo yake palepale kwenye bomba, akaenda nyumbani kula. Aliposikia kuna sumu alichukia kuliko sisi sote, maana ukuta ni wake! Alishusha jiwe, akaangalia suruali yake, akasema, “Ah. Kumbe adui ni mimi.”

Tulicheka. Nilicheka nikilia. Lakini Millicent alipofika hakucheka. Alinishika mikono yote miwili, akiwa hana pumzi, akasema, “Mama, usinywe maji. Kwetu wanasema watu wa Kenya wametia sumu. Nimekuja kukuambia usinywe.” Mnasikia, jamani? Upande ule nao walikuwa wanatafuta mawe, na binti yangu alikimbia katikati ya mawe ya huku na mawe ya huko, na mtoto mgongoni, ili kuniokoa mimi. Hakuna redio hata moja iliyotangaza habari hiyo.

Mwalimu hakunywa yale maji ili kutuonyesha ushujaa. Alimwita Bwana Afya, akaja akaangalia, akasema ni chokaa, tuyaache yapite mpaka yawe safi ndipo tuchote. Tukangoja. Millicent na mama wa matoke walirudi upande ule kuwaeleza wenzao, na safari hiyo walieleza walichokiona kwa macho. Chemichemi ipo. Asubuhi ya leo chai mliyokunywa hapa imepikwa kwa maji yake.

Mzee Makokha, naiona saa yako. Nakaribia.

Bwana D.O., nakuheshimu, na sikuja kukugombeza. Kutafuta lori wiki hizi ni kazi ya mwanamume, na umelitafuta. Kamati imekaa, na mimi nilikuwamo. Tumechanga, tumenunua blanketi, tumechagua mbuzi, tumebishana kama apelekwe asubuhi au mchana. Kisha jana jioni, kabla jua halijazama, nilishuka chemichemini kuchota maji nikamkuta Mwalimu amepiga magoti anapanda mche. Alikuwa anaukandamizia udongo kwa vidole, kisha akauchomekea vijiti pande zote mbuzi wasiule. Nikasimama nikishangaa. Mtu anayeondoka kesho anapanda mti wa nini? Atauona lini? Ulimi uliniwasha nimuulize, lakini nikasema moyoni, aa, mambo yameshapangwa, nikainua mtungi wangu.

Usiku sikulala vizuri. Kuhusu darasa, wanafunzi hatukuulizwa. Tungeulizwa tungesema tunaweza kusimamia wenyewe zamu za redio na za kufundisha wapya herufi, na betri tutanunua. Nawaomba wanafunzi wa ngumbaru wanaokubali hilo wasimame. Asanteni. Bwana D.O., wahesabu ukipenda. Mimi naona hata wewe unatabasamu. Mbolea itapata stoo nyingine, haina haraka ya kujua kusoma.

Lakini kuna mwingine, na huyo ndiye aliyeninyima usingizi. Katika vikao vyote vile, katika lori na blanketi na mbuzi, ndugu zangu, nani hakuulizwa?

Mwalimu Beldina, inua uso. Usiangalie kitambaa cha meza, mimi nakujua. Ulinikuta nikiweka dole gumba kwenye karatasi, leo jina langu naliandika mwenyewe. Ulinifundisha kuuliza, na mtu wa kwanza niliyeshindwa kumuuliza jana ni wewe. Ukituambia unataka kupumzika kwenu Sigalame, tutakupakia mizigo vizuri, tutalia vizuri, na mche wako nitaumwagilia mimi. Ukituambia jambo lingine, Bwana Kiprono, mwenye lori hilo la kesho, ataondoka na lori tupu, na mbuzi tutamla hapahapa.

Bwana D.O., wageni, wazee, mama zangu, nawashukuru kwa masikio yenu, ila msiyaondoe bado. Mzee Makokha, mpishe apite. Mwalimu, njoo usimame hapa nilipo, utuambie.

Unataka kwenda?