Bilan Dekow Jelle, Fundi Aliyekataa Kufunga Vigunduzi vya Hoteli Penye Gesi

Bismillahi. Wasifu huu unasomwa Jumatatu, tarehe 24 Februari 2025, nyumbani kwa Hooyo Maryan, mama mzazi wa Bilan, mtaani Waberi, Garissa, siku ya tatu baada ya mazishi. Anayeusoma ni Abdiwahid, mdogo wake Bilan wa kumfuata. Familia imeuchapisha pia, ili aliyeketi nje ya turubai asingoje kusimuliwa na mwingine. Tangu mlipuko utokee, mjini inasemwa kwamba vigunduzi vya moto vilivyokuwa ndani ya kile kituo cha gesi vilifungwa na Bilan. Huo ni uongo, na walioutunga wanajua ni uongo. Maisha yake yataelezwa kwa mpangilio, na uongo huo utafikiwa mahali pake.

Bilan alizaliwa Diff, Wajir Kusini, tarehe 14 Juni 1988. Alikuwa mtoto wa pili wa Dekow Jelle, aliyekuwa mfanyabiashara wa ngamia, na Maryan Yussuf. Ukame ulipomaliza mifugo, Dekow alihamisha familia hadi Garissa, akaanza upya kwa kuuza ngozi na chumvi. Bilan alikuwa na miaka mitano, na mama yake anakumbuka kwamba njia nzima hakulia. Alikuwa akimuuliza dereva kila kitufe cha lori kinafanya nini.

Shule ya msingi aliisomea hapa Waberi. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2006, wa kwanza darasani katika fizikia. Wazee walikuja kumwambia Dekow kwamba ualimu ndio unaomfaa msichana. Dekow aliwatengea chai, akawaacha wanywe, kisha akasema, "Mimi nimemuuliza mwenyewe. Amesema stima. Nyinyi mnataka nimuulize mara ngapi?" Akampeleka Mombasa, na mwaka 2010 Bilan akahitimu stashahada ya uhandisi wa umeme. Dekow alifariki mwaka uliofuata, akiwa ameiona stashahada hiyo kwa macho yake.

Kwa miaka mitano alifanya kazi katika bohari ya mafuta huko Mombasa. Huko ndiko alikojifunza kazi iliyomtofautisha na mafundi wengine wote wa mji huu, yaani kuchagua na kufunga vigunduzi vya moto mahali ambapo hewa yenyewe inaweza kulipuka. Mwaka 2015 alirudi Garissa, akafungua karakana yake. Aliitwa hadi Banissa, kwenye ghala la mafuta ambalo king'ora chake kililia kila siku saa saba mchana bila moto wowote. Watu wa pale walikuwa wameshaleta shehe wa kusoma. Bilan alipanda ngazi na kipimajoto, akakibandika chini ya bati, akateremka na kuketi kivulini. Saa saba kilisoma nyuzi sitini na nne. Kigunduzi kilikuwa cha kulia kwenye hamsini na saba. "Hakina jini," aliwaambia. "Kimetengenezewa watu wa nchi za baridi." Alikibadilisha, wakampa mbuzi wa shukrani. Safari ya siku mbili mbuzi yule alikuwa kiti cha nyuma, na alipofika Garissa alikuwa ameshakula michoro yote ya kazi iliyofuata. Bilan alichora upya akimtukana mbuzi kwa Kisomali na kwa Kiswahili, na watoto wa jirani wakakusanyika dirishani kusikiliza.

Tarehe 6 Agosti 2016 aliolewa na mwalimu Abdilatif Hassan. Walijaliwa watoto wawili, Ruweyda, mwaka 2017, na Jelle, mwaka 2020. Abdilatif anasema mkewe hakuwahi kulala katika nyumba ya wageni kabla ya kuuliza mlango wa pili uko wapi. Alimzoea hivyo, akampenda hivyo.

Sasa tufike kwenye kituo cha gesi.

Januari 2024 mwenye kituo kipya cha kujaza mitungi, nyuma ya karakana ya Bilan, alimwita achague vigunduzi na kuvifunga. Bilan alitembea humo siku tatu. Aliandika kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutambaa chini, kwa hiyo vigunduzi vya gesi vikae chini ya usawa wa goti, karibu na pampu na mifereji. Kwa moto wenyewe alitaka vigunduzi vyenye macho ya kuona mwale wa moto, kwa sababu gesi huwaka kabla moshi haujapanda, na yawe ya aina isiyodanganywa na jua la Garissa. Na kila kitu chenye umeme ndani ya ukuta ule, kuanzia kigunduzi hadi kengele, taa na kitufe cha hatari, kiwe kimethibitishwa kutumika mahali pa gesi. Kiwe ndani ya kasha gumu, na tundu la waya likazwe sawasawa, ili cheche ikitokea ndani isikutane na gesi iliyo nje.

Siku ya kazi, meneja alimfungulia boksi la vigunduzi vya moshi, vyeupe, vya plastiki, vile vinavyofungwa vyumbani hotelini. Vitufe vya hatari vilikuwa vya aina hiyo hiyo.

"Hivi si nilivyoandika," Bilan alisema.

"Mama, moto ni moto. Hii kitu inalia. Si basi?"

"Hiki ni cha hoteli. Hapa ndani, hiki chenyewe ndicho kiberiti."

"Wewe funga, halafu tia sahihi. Mambo ya vitabu wacha kwa vitabu."

Bilan alifunga mkoba wake akatoka. Kesho yake aliletwa fundi mwingine, akamaliza kazi kwa nusu siku. Mkaguzi alikuja baadaye. Naimo, anayejaza mitungi na ambaye yuko hapa leo, alimwona akinywa soda ofisini na kutia sahihi bila kuvuka mlango wa ghala la mitungi. Cheti kilitundikwa ukutani kikiwa na fremu.

Bilan aliandika barua kwa ofisi iliyotoa kibali, tarehe 5 Machi, 22 Aprili na 9 Septemba 2024. Nakala za zote tatu ziko mikononi mwa Abdilatif, na kila moja ina muhuri wa kupokelewa. Hazikujibiwa. Alipokwenda mwenyewe, aliambiwa, "Madam, umekosa kazi, kubali. Wacha kuharibia wenzako." Siku ile alirudi nyumbani akapiga ngumi meza mpaka vikombe vikaruka. Kisha akafanya alichoweza. Aliwaalika wafanyakazi wa kituo karakanani kwake, wawili wawili, wakati wa chakula cha mchana. Aliwafundisha kwamba wakisikia harufu nzito wasiguse swichi, wasipige simu ndani, watoke langoni kwanza. Na vile vitufe vyekundu vya hatari wasiviguse. Meneja alipopata habari, alikataza mtu yeyote kuvuka kwenda kwa Bilan. Walikuwa wamefika sita tu.

Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mpira wa pampu ulipasuka. Gesi ilijaa sakafuni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Juu darini vigunduzi vya hoteli vilinyamaza, maana moshi haukuwapo. Naimo alitoka hadi nje ya lango, kama alivyofundishwa, ndipo akampigia Bilan simu.

"Abaayo, dada yangu, imejaa! Kengele hailii!"

"Toeni watu. Msizime kitu, msiwashe kitu. Nakuja."

Alikuja mbio, ameacha viatu karakanani. Alikwenda kwanza kwenye tangi kuu akafunga valvu kwa mikono yake, kisha akaingia ghalani akiwaita mmoja mmoja kwa jina. Watu kumi na mmoja walitoka. Alirudi ndani kumtafuta Anab, karani, ambaye mlango wake ulikuwa upande wa nyuma, na mzee Farah, mlinzi, akamfuata kumsaidia.

Dubow, mpakiaji wa mitungi, alikuwa amefika mlangoni. Hakuwa miongoni mwa wale sita waliofundishwa. Pale mlangoni kulikuwa na kitufe chekundu kilichoandikwa HATARI, BONYEZA. Alikibonyeza. Cheche ilitokea ndani ya kile kitufe, na ghala likalipuka.

Anab na mzee Farah walikufa palepale, Allah awarehemu. Dubow aliungua mikono yote miwili. Bilan alitolewa akiwa hai, akapelekwa Nairobi kwa ndege.

Alilala wodi ya majeruhi wa moto siku tisa. Siku ya tatu aliweza kusema, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Wangapi?" Aliambiwa. Alimtaja Anab, akalia. Kisha akamwambia Abdilatif achukue kalamu, akamsomea kutoka kichwani orodha nzima ya alichokiona kwenye lile boksi. Aliudhika Abdilatif alipokosea jina la kifaa kimoja, akamfanya aandike upya. Siku ya saba alisema, "Dubow asiambiwe amekosa. Kitufe cha hatari hubonyezwa wakati wa hatari. Mwambieni nimesema hivyo." Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Februari, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita. Alizikwa Garissa kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa.

Jumamosi Dubow alisimama nje ya lango hili na mikono yake iliyofungwa bandeji, akiogopa kuingia. Hooyo Maryan ndiye aliyetoka. Alimwambia, "Ingia, mwanangu. Mtu wa kuogopa nyumba hii siyo wewe." Akamketisha karibu naye, akamlisha kwa mkono wake.

Jumamosi hiyo hiyo watu wa kituo walileta mchele, sukari na karatasi. Karatasi ilisema kwamba chanzo ni kosa la fundi marehemu, na kwamba familia haina dai lolote. Walitaka mama mzazi atie alama ya kidole. Hooyo Maryan aliomba asomewe mara mbili. Kisha akaita vijana wapakie mchele na sukari tena kwenye gari lao, mpaka gunia la mwisho. Karatasi hakuirudisha. Iko pamoja na zile barua tatu.

Familia haiwezi kujifanya imetulia. Bilan hakuuawa na gesi, maana alikuwa akifanya kazi penye gesi miaka kumi na mitano bila kuungua hata kidole. Ameuawa na watu waliojua kusoma, waliosoma alichowaandikia, wakatia sahihi yao mahali pa yake. Na alipokuwa bado anapumua, walianza kumtupia kosa lao.

Bilan ameacha mama yake, Maryan, mumewe, Abdilatif, watoto wake, Ruweyda na Jelle, kaka yake mkubwa, Khalif, ndugu zake, Abdiwahid na Ikran, na watu kumi na mmoja waliotoka ghalani wakiwa hai, ambao wengi wao wameketi hapa.

Kesho saa tatu asubuhi Abdilatif atapeleka polisi barua zote, orodha na ile karatasi. Naimo ataandikisha alichokiona, na Dubow pia amesema atakwenda. Anayetaka kufuatana nao awe kwenye lango hili saa mbili na nusu.

Ewe Mola, umpokee Bilan, umpanulie kaburi lake, umpe raha aliyonyimwa siku zake tisa za mwisho. Amin.