Bi. Wilkista Nabwile: Miaka Thelathini na Mitatu Mlangoni pa Ghala

Jumatano, tarehe 30 Septemba 2009, Bi. Wilkista Nabwile, msimamizi wa usalama katika maghala ya Ushirika wetu wa Nafaka, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na mitatu. Kamati ya jarida iliniomba niandike maneno machache ya furaha. Nitajaribu. Mama mwenyewe ameshanionya nisimfanye malaika, maana malaika, anasema, hawaumwi magoti.

Aliajiriwa Kitale mwaka wa 1976 kuwa karani wa mizani, msichana kutoka Myanga, mwembamba kiasi kwamba madereva wa malori walisema ati akipanda mizani sindano haitikisiki. Kicheko kiliisha msimu uleule, alipoanza kuwarudisha nyumbani wote walioleta mahindi mabichi, mjomba wake akiwa mmoja wao. Mwaka wa 1981 alihamishiwa tawi la Bungoma kuwa karani wa ghala. Huko ndiko tulikokutana, mimi nikiwa mbebaji wa magunia kutoka Chwele, mwenye nguvu nyingi na akili kidogo.

Siku hizo usalama kazini ulikuwa ni kumwomba Mungu asubuhi. Kanuni zilizobandikwa ukutani zilikuwa mbili tu: usivute sigara, na usikojoe nyuma ya ghala. Ghala likijaa, magunia yalifunikwa turubai, vidonge vya dawa ya fukusi vikawekwa chini yake, na milango ikafungwa siku tano. Hewa ya dawa hiyo humuua fukusi, na mtu pia. Ili kuhakikisha hakuna aliyebaki ndani, tulihesabu sahani. Ndiyo, sahani. Wabebaji kumi na watatu tulikula chakula cha mchana humo ghalani, kwenye kivuli, na sahani kumi na tatu zikirudi kwa mpishi, karani alitia alama kwamba ghala ni tupu. Mpango huo ulituendea vizuri kwa miaka, kwa hivyo hakuna aliyeuuliza maswali.

Machi 1986 sahani zote kumi na tatu zilirudi, na mwenzetu Kizito akabaki ndani. Alikuwa amekesha matangani. Alikula upesi, akajilaza nyuma ya magunia anyooshe mgongo, akamwomba rafiki yake amrudishie sahani. Rafiki huyo ndiye anayeandika maneno haya. Nilidhani ataamka na kutufuata. Mama Wilkista alihesabu, akatia alama, mlango ukafungwa. Tulimpata kesho yake, mkewe alipokuja kumuulizia.

Kwenye kikao cha uchunguzi Mama aliulizwa ni nani aliyerudisha sahani ile. Alijua. Alijibu kwamba hesabu ilikuwa yake na saini ilikuwa yake, basi. Akapewa barua ya onyo, na kupandishwa cheo kukachelewa miaka sita. Mimi nilikuwa na mtoto wa wiki tatu nyumbani, nikabaki na kazi yangu. Hajawahi kunikumbusha jambo hilo, hata siku tulizogombana, na tumegombana sana. Hakuna mtu ninayemshukuru zaidi katika dunia hii, na ni aibu kwamba nimengoja jarida ndipo niseme.

Wiki iliyofuata mazishi, alikuja na kanuni yake ya kwanza: kila anayeingia ghalani aache kiatu cha kushoto mlangoni. Sahani, alisema, inaweza kurudishwa na mwenzako, lakini kiatu lazima mwenyewe akifuate. Tulicheka, tukanung'unika, tukaacha akala na patipati zetu pale nje. Mwenyekiti mmoja wa zamani alipotutembelea, naye alivuliwa kiatu, soksi ikaonekana ina tundu na kidole gumba kimetoka kuwaangalia wageni. Aliipitisha kanuni hiyo papo hapo, nadhani ili arudishiwe kiatu chake haraka.

Mwaka wa 1992 alirudishwa Kitale akiwa na cheo kipya na daftari jeusi, nami nikahamia huko baadaye. Kila kosa liliandikwa humo, na mkosaji akatia saini bila kujali ni nani. Kanuni ya kutopanga magunia kupita safu kumi na nane ilitoka humo, rundo lilipoanguka mwaka wa 1994. Kanuni ya lori kutorudi nyuma bila mtu wa kuliongoza ilitoka kwenye mguu wa dereva wetu Munene, ambaye hata leo huchechemea mvua ikikaribia. Kitabu chetu kina kanuni arobaini na moja, na Mama anaweza kukutajia aliyeumia kabla ya kila moja kuandikwa.

Kisha ikaja sheria mpya ya usalama kazini, na Machi mwaka jana mkaguzi, Bwana Kimaiyo, akatukuta tukitembea na kiatu kimoja kimoja. Masikini alishika kichwa. Sheria inataka kila mfanyakazi avae gambuti, zote mbili. Akatushauri tutumie vibati vya namba: ukiingia unatundika chako, ukitoka unakichukua. Mama alikubali bila kinyongo. Haikupita wiki mbili akagundua kwamba watu wanachukuliana vibati, huyu anamwondolea yule ili wote wawahi chai. Ilikuwa ni sahani tena. Siku hiyo nilimwona ameketi juu ya gunia, na nilijua anawaza nini: amebakisha mwaka na ushee, na akiondoka, kuhesabu kutaondoka naye.

Jibu alilipata akiwaangalia vijana wakati wa chai. Aliagiza kabati la mbao lenye vishimo vyenye namba, akalipigilia mlangoni, na kila mmoja akaambiwa aache simu yake humo, kwani dawa huziharibu hata hivyo. Hakuna anayemwachia mwenzake simu siku hizi, na hela zimo ndani yake. Bwana Kimaiyo alipiga picha kabati hilo, akasema atalipendekeza kwingine.

Ofisi ilimwomba aongeze miaka miwili. Alikaa miezi bila kujibu.

Julai iliyopita tulikuwa tunafukiza Ghala la Tatu. Wapuliziaji wa dawa walikuwa na haraka, wanataka kupanda hadi Kapsokwony kwa kazi nyingine kabla ya mvua kuharibu barabara. Simu zote zilichukuliwa ila ile ya kishimo namba moja, simu ya Mama. Zamu ya mlango ilikuwa ya Wangui, karani tuliyemwajiri mwaka wa 2007. Wapuliziaji walimwambia ati mama mkubwa yuko ofisini, afunge tu. Mimi, mkubwa wake, nilimwambia hivyohivyo, maana nilikuwa nimemwona Mama kwa macho yangu akielekea ofisini. Wangui alitia kufuli mfukoni, akasimama katikati ya mlango, akasema kwa adabu zote kwamba simu bado iko. Nilikasirika. Nilipaza sauti. Hakusogea.

Mama alikuwa ndani. Alikuwa ameacha simu kishimoni kama kawaida, akazunguka na kupitia mlango wa nyuma kutazama kama panya wametoboa turubai, na mlango huo ukafungwa nyuma yake bila mtu kujua yumo. Alitoka na utando wa buibui kwenye kitambaa cha kichwa, akiuliza kwa nini tumejazana. Wangui alimpa simu yake, kisha akafungua daftari jeusi, akaandika kosa la kuingia ghalani bila kumwarifu mwenye zamu, akampa kalamu. Mama alilisoma mara mbili, akatia saini. Kesho yake asubuhi alipeleka jibu ofisini: haongezi hata siku moja.

Mama Wilkista, asante kwa niaba ya wote waliotoka salama jioni baada ya jioni bila kujua kuna aliyewahesabu. Ukapumzike Myanga, magoti yapone, wajukuu wakusumbue vya kutosha. Mlango tutaufunga wenyewe, tukishahesabu watu.

Absalom Wepukhulu
Msimamizi wa Maghala, Kitale