Bwawa Letu la Pikiniki na Trauti wa Arvid

Tarehe 30 Septemba Arvid Tollefson anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya samaki hapa Montana. Wasifu wa namna hii huandikwa kwa kujidai. Huu nauandika nimeinamisha kichwa, na wenzangu wote wanajua kwa nini.

Kazi ya Arvid ilikuwa kuwafuatilia samaki aina ya trauti wahamaji, ambao sasa wamebaki wachache mno. Huzaliwa kwenye changarawe za Kijito cha Hopper, hushuka ziwani kunenepa, na baada ya miaka kadhaa hupanda tena kutaga kulekule. Kila vuli Arvid alipanda kwa miguu kutafuta viota vyao, vishimo wanavyochimba changaraweni kutagia mayai, na buti zake zilivuja tangu aajiriwe. Darlene wa mapokezi hakumwonea huruma: "Mzee, nunua buti! Mshahara wote unaupeleka wapi?"

Viota vya sehemu ya juu ya kijito vilipungua, kisha vikaisha. Tukalaumu wakata magogo, tukalaumu ukame, tukawabandikia wavuvi mabango makali.

Kumbe kila Agosti, kwenye pikiniki ya ofisi, sisi wenyewe tulipanga mawe kuziba kijito ili watoto wapate bwawa la kuogelea, na hakuna aliyekumbuka kuyaondoa. Agosti ndipo samaki wanapopanda. Jiwe la kwanza kabisa aliliweka Arvid, binti yake Signe alipokuwa mdogo.

Mwaka huu, soseji zikiwa motoni, Arvid aliona trauti jike mwenye mayai akijigonga kwenye ukuta wetu, pua imechubuka. Aliingia majini na viatu vyake. "Acheni kula, njooni! Tumemfungia mlango sisi wenyewe!" Tulibeba mawe mpaka mikono ikafa ganzi, huku watoto wakituuliza tumekosa nini.

Samaki alipita katikati ya miguu ya Arvid. Wiki iliyopita, katika ukaguzi wake wa mwisho, alikuta kiota kimoja juu ya lile bwawa. Ofisi nzima ilishangilia, yeye akakunja uso. "Kimoja tu, jamani. Msinipigie makofi."

Basi hatupigi. Asante, Arvid, na tunakutakia maisha mema, wewe na Signe. Zawadi yako ni buti mpya. Darlene ndiye aliyezichagua. Zivae Agosti ijayo uje pikiniki, na kabla hatujawasha moto upite kijitoni uhakikishe hatujaweka jiwe.