Vifuniko Vitatu na Barua Moja

Mheshimiwa Mkurugenzi wa makumbusho, Mama Mtunza Ghala, ndugu fundi wa kukarabati, ndugu walinzi wa mlango wa nyuma, wanafunzi wenzangu tunaomaliza leo mafunzo ya likizo hii ya kiangazi, na wewe mama mdogo uliyenipokea katika nchi hii ya watu ukanipa chumba, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeambiwa nina dakika tano za kushukuru. Nitashukuru. Lakini chuo changu kinakaa Jumatatu kuamua kama naingia mwaka wa mwisho au narudishwa nyumbani, na kinaamua kwa barua inayotoka hapa, kwa hiyo shukrani zangu leo zina kazi ya kufanya.

Kabla ya chuo niliuza sufuria sokoni miaka kumi na mmoja, nikajisomesha kwa mikono hii. Nikipewa kitu cha kuhesabu, nahesabu. Hapa nimefanya kazi siku arobaini na tano, na mkoba wangu umefunguliwa mlangoni mara themanini na sita: nikienda kula, na nikienda nyumbani. Zingetimia tisini, ila siku mbili mlinzi wetu alikuwa na mafua, na aliyemshikia zamu hakujua kwamba mimi ni wa kupekuliwa. Wiki ya saba nilimwuliza mlinzi wetu, "Kaka, mbona yule aliyetoka na begi kubwa hukumsimamisha?"

"Yule namfahamu, dada."

"Na mimi wiki ya saba hii bado hunifahamu?"

"Wewe nakufahamu kwa mkoba."

Tukacheka wote wawili, kila mtu na lake moyoni. Namshukuru, maana yeye angalau alinishuku uso kwa uso.

Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimekabidhiwa rafu za vyungu nivihesabu. Rejista ilisema vyombo mia mbili kumi na vinne; rafuni nikakuta mia mbili kumi na kimoja. Nikarudia mara tatu, kisha nikaenda kusema mwenyewe. Nawauliza, ndugu zangu, mwizi gani anakwenda kutangaza kilichopungua kabla hajaulizwa? Lakini kesho yake nilihamishiwa ngazini kufuta vumbi kwenye vioo, na chumba cha chai kikawa kinanyamaza nikiingia. Barua ikaenda chuoni: "Vyombo vitatu havijulikani vilipo tangu mwanafunzi huyu aanze kazi." Hakuna neno la uongo ndani yake, na hapo ndipo ubaya wake ulipo.

Mama mdogo aliniuliza swali moja tu. "Hukuchukua?"

"Sikuchukua."

"Basi kavitafute wewe. Hawa hawatakutafutia."

Nikaomba nisomewe mistari ile mitatu ya rejista. Mama Mtunza Ghala akanisomea amesimama, rejista kaikumbatia: "Bakuli la udongo, pana, halina kina, halina kitako, lina kishikio kimoja katikati, upande wa chini."

"Mama, bakuli lenye kishikio chini utaliweka wapi lisimame?"

"Limeandikwa bakuli, mwanangu. Na yote matatu yameandikwa hivyo hivyo."

"Hivyo ni vifuniko, mama. Vimegeuzwa."

Zamani vililetwa kwenye sanduku lao peke yake, na karani akaviona vimelala chali, akaviandika mabakuli. Baadaye mtu mwenye nia njema akavirudisha juu ya vyungu vyake, namba zake za rejista zikabaki kwa ndani. Na sheria ya ghala ni kwamba mwanafunzi hafunui chungu. Anahesabu kwa macho, mikono nyuma. Mimi niliishika sheria hiyo. Mlioruhusiwa kufunua, mbona hakuna aliyefunua?

Fundi, nakushukuru kwa dhati. Uliacha kazi yako, ukavaa glavu, ukafunua vyungu thelathini na saba vyenye vifuniko, na kabla ya chakula cha mchana namba zote tatu zilikuwa zimeonekana.

Mheshimiwa Mkurugenzi, leo umenisifu kwa umakini, na nimesikia. Siku ile pia uliniambia tuyasahau yaliyopita. Mimi naweza, chuo kitasahauje kitu ambacho hakijaambiwa kwamba si hivyo? Barua ya kusahihisha nimeiulizia mara nne. Inaandikwa. Inachapwa. Inasubiri muhuri. Itatumwa. Nimekaa sokoni, mheshimiwa, nawajua wateja wanaosema watarudi.

Kwa hiyo nimeiandika mwenyewe. Ina mistari minne, haina lawama: vyombo viko vyote, vilikuwa wapi, namba zake, na aliyevifunua. Mama Mtunza Ghala ameisoma asubuhi hii, akavua miwani, akaisoma tena, akatia saini. Kwa hilo namshukuru kuliko hii keki. Nafasi ya pili ya saini ni yako, na mwakilishi wa chuo, aliyekaa kiti cha tatu mstari wa mbele, amekubali kuondoka nayo mkononi.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu. Makofi naomba yasubiri kidogo. Mheshimiwa, karibu hapa mbele, kalamu ninayo.