Uso Alioulinda Angani

Wapendwa ndugu, majirani na marafiki, tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama leo, na kwa ruhusa ya familia nasimama mbele yenu mimi kaka yake, ambaye yeye alinifuata mgongoni, kusoma maisha ya mdogo wangu wa kike, nanyi mnivumilie, kwa sababu nasoma polepole na sauti yangu si ya kuaminika leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba ile ile ya mtaa wa nyuma ya karakana ambamo wengi wenu mmelala usiku wa jana, akiwa mtoto wa tano na kitindamimba wa baba yetu fundi cherehani na mama yetu huyu mnayemwona ameketi kando ya jeneza. Miezi mitatu kabla ya kumzaa, mama aliugua homa kali iliyomwachia uhai ikachukua macho, kwa hiyo sisi wanne anatukumbuka sura zetu za utotoni, lakini huyu wa mwisho hakuwahi kumwona hata siku moja, alimjua kwa viganja tu, tangu siku aliyowekwa kifuani pake.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha sekondari hadi 1988. Desturi ya nyumba yetu ilikuwa kwamba mtoto akirudi hapandi kitandani wala hagusi chungu kabla hajapeleka uso kwa mama, naye mama aliusoma uso kama watu wanavyosoma gazeti, akisema, "Wewe umelia njiani, na aliyekuliza ni huyu mkubwa wako anayejificha nyuma ya mlango," nami nilikuwa kweli nyuma ya mlango. Baba alifariki mwaka 1989, na marehemu akaenda kusomea kazi za hoteli kwa miaka miwili, kwa nauli iliyotoka kwenye cherehani yake baba, ambayo tuliiuza.

Mwezi Aprili 1993 aliajiriwa kuwa mhudumu ndani ya ndege, akahamia nchi ya mbali yalipo makao ya kampuni yake, na mara ya kwanza kurudi nyumbani ilikuwa Desemba 1994. Siku hiyo alikuwa amefanya kazi kwenye ndege tatu mfululizo bila kulala, uso ukiwa na poda juu ya poda kama walivyotakiwa, kinywani hana kitu ila kahawa, na kipande cha mwisho cha safari alikaa dirishani jua likimpiga shavu moja. Alipiga magoti mbele ya mama kama kawaida, mama akanyoosha mikono, akamgusa, kisha akairudisha haraka mapajani kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akasema kwa adabu, "Karibu mgeni. Mwanangu umemwacha wapi?"

Tulicheka wote, marehemu naye akacheka, akasema, "Mama, si mimi huyu, kitindamimba wako?" Mama akajibu kwamba sauti kweli ni yake, lakini sauti hata kasuku huiga, na akaagiza mgeni apewe kiti na chai. Mchana kutwa alizungumza naye kama mgeni, akimuuliza mwanawe ana hali gani huko juu, anakula, analala, na kwa nini hakushuka pamoja naye, naye mdogo wangu, akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, alianza kujibu maswali hayo kama mtu anayetoa habari za mwingine. Asubuhi yake, baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, kupaka mafuta na kulala, alipeleka tena uso, na mama akamkumbatia akilia kwa furaha, akasema, "Umefika saa ngapi mwanangu? Yule mgeni wako ameondoka bila kuaga."

Sisi tulilifanya jambo hilo kuwa utani wa familia kwa miaka mingi, ila marehemu hakulitania, na siku hiyo hiyo aliniita barazani akaniambia, "Kaka, usicheke, nilipokuwa nimekaa kwenye kile kiti, hata mimi sikuwa na hakika."

Tangu hapo alilinda ngozi yake angani kama watu wengine wanavyolinda pasi ya kusafiria. Alifundishwa na mhudumu mmoja mwanamke aliyekaribia kustaafu, aliyemwambia kwamba hewa ya ndani ya ndege ni kavu kupita upepo wa kiangazi, na kwamba ndege inakunywa watu kidogo kidogo, haina haraka, wala haishibi. Akaacha poda siku za safari ndefu, akawa ananawa uso na kupaka mafuta kabla maji hayajakauka usoni, kwa kuwa maji matupu yakikauka huondoka na yale yaliyokuwa ndani, akawa anakunywa maji kwa mafunda madogo njia nzima badala ya kahawa, anapaka midomo kabla haijapasuka, hasahau viganja na visigino, na akikaa dirishani hushusha pazia au hujipaka krimu ya kukinga jua, maana alisema jua la kule juu halina wingu la kulizuia. Kisha, kabla ndege haijaanza kushuka, aliingia kwenye kile choo chembamba, akafunga macho mbele ya kioo na kujipapasa uso kwa vidole, polepole, kama mama, na asipojitambua alianza upya. Aliniambia zipo safari ambazo ilimbidi aanze upya, na ipo moja ambayo alipofumbua macho aliona uso wa kwenye kioo umeshafumbua kabla yake. Nilimwambia huo ni uchovu, naye akasema labda.

Wenzake kazini walimwita Bibi Mafuta, kwa sababu hakujipaka peke yake, alipita na kopo lake akiwasaidia wazee waliopasuka mikono na akina mama wenye watoto wachanga, hata rubani mmoja akazoea kumwambia, "Bibi Mafuta, ukimaliza abiria, njoo upake na mabawa." Na kwa miaka yote iliyofuata, kila aliporudi, mama alimgusa na kusema, "Ndiye."

Tarehe 22 Agosti 1998 alifunga ndoa na shemeji yetu mfamasia, ambaye walikutana dukani kwake, pale alipomwona dada huyu akirudi kila wiki kununua mafuta, akashindwa kuvumilia, akamuuliza, "Samahani dada, unapaka mwili au unapaka ukuta?" Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2000 na mvulana aliyezaliwa 2004, ambao wapo hapa mbele, na wote wawili walipelekwa kwa bibi yao wakiwa wachanga, wakaguswa na kukubaliwa.

Mwezi Februari 2022 marehemu alianza kuvimba miguu, na vipimo vilionyesha kuwa figo zake zimechoka. Aliacha kazi, akawa anasafishwa damu hospitalini huko huko alikoishi, na ugonjwa huo, kama madaktari walivyomweleza, hukausha ngozi na kuiwasha, hata akawa anakauka akiwa chini kama alivyokuwa akikauka angani, na maji aliyozoea kuyanywa safarini sasa alipimiwa. Kwa muda wote huo hakuja nyumbani. Mama akiuliza, yeye alisema kwenye simu, "Bado sijawa tayari kuguswa, mama." Kwangu alisema jambo moja tu, nalo nalisema mbele yenu kwa kuwa ndilo lililotuweka hapa tangu juzi, "Kaka, nikitangulia, msinizike kabla mama hajanijua." Alifariki tarehe 9 Juni 2024 alfajiri, mume wake akiwa amemshika mkono.

Mwili uliwasili juzi, ukisindikizwa na shemeji pamoja na rafiki yake marehemu waliyefanya naye kazi. Jeneza lilipofunguliwa sebuleni tulimwongoza mama, akaweka viganja juu ya uso ule, kisha akasema, "Huyu ni mgeni. Mwanangu bado." Mjomba alisimama akasema kwa busara kwamba kifo hubadilisha mtu, na mpwa wake ni mwili sasa, tumzike. Mama hakupandisha sauti, alisema, "Zikeni. Mtakuwa mmezika mtu. Mimi nitabaki kwenye kiti hiki nikimsubiri wangu, na ninyi mtakuwa mkinipitia hapa kila siku mpaka nife." Hakuna aliyeweza kufunga jeneza baada ya maneno hayo.

Jana mchana rafiki yake marehemu aliomba maji ya uvuguvugu na kitambaa safi, akatoa kopo kwenye mkoba wake. Mhudumu wa chumba cha maiti tuliyemwita kuuangalia mwili alimwonya kwa upole, akasema mafuta yatakaa juu tu, ngozi ya marehemu hainywi. Rafiki alilowesha uso ule, akapaka, na sisi tuliokuwa karibu tuliona mafuta yakiingia. Akapaka tena, yakaingia tena. Yule mhudumu wa maiti alivua kofia yake, akatoka nje, na hakurudi. Rafiki alipochovya tena kwenye kopo, mama alimwambia, "Sogea mwanangu, umechoka, niachie mimi," akamwaga mafuta viganjani mwake, akakaa akimpaka, paji la uso, mashavu, kope, midomo, akimsemesha kwa sauti ndogo tusiyoisikia vizuri, hadi jua lilipozama. Kisha akasema kwa nguvu, sote tukasikia, "Kumbe ulikuwa na kiu hivyo, mwanangu. Haya. Amefika."

Ndiyo maana leo tunazika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kwa zaidi ya miaka miwili, wafanyakazi wenzake waliomleta nyumbani kwa heshima, majirani waliotuachia vyumba vyao na kupika bila kuitwa, na viongozi wetu wa dini ambao hawajatuacha tangu simu ya kwanza. Tuna ombi moja kwenu. Mtakapopita kumpa mama pole, mtashika mikono yake, na mtaikuta imekauka, imepasuka na ni myepesi kama karatasi, mikono ambayo mpaka jana ilikuwa laini. Tumeipaka mafuta tangu alfajiri na haijashika hata tone. Msishtuke, wala msimuulize, yeye mwenyewe amesema haimuumi, na kwamba alichokuwa nacho amempa mwenye safari.

Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Mdogo wangu, umejulikana, na hakuna atakayekusubiri mlangoni tena, pumzika kwa amani.